Saa Tisa Si Saa Tatu

Na mwanachama wa Kidato cha Nne

Wahenga walilonga kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, na katika mtihani ningeieleza maana yake bila kupepesa jicho. Lakini kuijua methali ni jambo moja na kuishi nayo ni jambo jingine. Mimi niliielewa Jumanne moja ya mwezi wa Agosti, nikiwa nimesimama mbele ya lango lililofungwa, jasho likinitiririka, bahasha ya vyeti mkononi.

Mpenzi msomaji, usinicheke kabla hujanisikiliza.

Mamangu huuza maembe na mboga sokoni hapa Wote. Msimu wa maembe ukiwa mzuri, karo hulipwa. Msimu ukiisha, tunaanza kuhesabu mbuzi. Nilipokuwa Kidato cha Pili nilirudishwa nyumbani mara mbili kwa sababu ya karo, na wenzangu wa darasa wanajua nilivyokuwa nikihangaika kunakili madaftari yao baadaye. Basi katika likizo ya Aprili nikasikia kuhusu shirika moja linalowalipia karo wanafunzi wasiojiweza. Maombi yalitakiwa kupelekwa kwa barua pepe. Nikapiga moyo konde, nikaenda kwenye duka la intaneti mjini, yaani saiba kama tunavyoiita, nikafungua akaunti na kuyatuma.

Kosa langu la kwanza nililifanya siku hiyo hiyo. Baada ya kutuma maombi, nilibakiwa na dakika kadhaa, na nani angeziacha zipotee? Nikazurura mtandaoni. Kila tovuti iliyoniomba anwani yangu niliipa: ya kandanda, ya nyimbo, ya michezo ya kompyuta, hata ya viatu ambavyo sina pesa za kununua.

Niliporudi saiba mwezi wa Agosti na shilingi ishirini zangu, lo! Nilikuta barua mia nne na ushee ambazo hazijasomwa. Nilishuka chini, nikapanda juu, macho yakaniuma. Matangazo juu ya matangazo. Dakika zikiwa zinayoyoma, ndipo nikaiona ile barua: nimeitwa kwa mahojiano, Jumanne, 9:00 asubuhi. Moyo ulinidunda kwa furaha. Sikuisoma mara ya pili. Nikachukua kalamu nikaandika kwenye kiganja: "Jumanne 9". Kisha muda wangu ukaisha, kioo kikafunga.

Nyumbani nilisoma kiganja changu kwa sauti. "Mama, ni Jumanne saa tisa!" Naye akaamini, kwani kwa nini asiamini?

Jumanne hiyo nilioga, nikapiga sare pasi, nikafika langoni saa nane na nusu mchana. Nilijiona hodari kwa kufika nusu saa kabla ya wakati. Bawabu akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Kijana, unamtaka nani?"

"Shikamoo mzee. Nimekuja kwa mahojiano."

"Marahaba. Mahojiano gani tena? Si yalikuwa asubuhi saa tatu? Wenyewe waliondoka kitambo."

Nilirudi kwa miguu ili niokoe nauli, lakini ukweli ni kwamba sikutaka kufika mapema. Mama hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alinyamaza tu, na Jumamosi akamfungua mbuzi jike aliyekuwa karibu kuzaa, akampeleka sokoni. Hivyo ndivyo nilivyorudi shuleni muhula wa tatu.

Aliyenitoa gizani ni mjomba. Mjomba ni karani mstaafu. Alikuwa kazini hapa Wote tangu Makueni ilipotengwa na Machakos na kuwa wilaya mwaka 1992. Kompyuta haijui sana, lakini barua anazijua. Aliposikia kisa changu alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

"Mpwa wangu," akasema, "shida yako si kompyuta. Shida yako ni sanduku lisilo na mwenyewe."

Akanieleza walivyokuwa wakifanya ofisini. Sanduku la posta lilifunguliwa kwa siku maalumu. Karani hakurudi na barua kisha akaziacha mezani zirundikane. Alisimama karibu na kikapu cha taka akazipanga: isiyo na maana kikapuni, ya kujibiwa leo upande huu, ya kuwekwa faili upande ule. Na barua yoyote yenye tarehe haikuwekwa faili kabla tarehe yake haijaandikwa kwenye shajara ya mkubwa. Hata nyumbani kwake, ile kalenda ya ukutani ambayo maduka hugawa wakati wa Krismasi imejaa miduara ya wino mwekundu: chanjo ya ng'ombe, mkutano wa chama, harusi ya jirani.

Likizo ya Desemba tulienda saiba pamoja, yeye akiwa ameketi nyuma yangu kama mkaguzi wa shule. Yale tuliyoyafanya siku hiyo, na mengine niliyojifunza baadaye katika maabara ya kompyuta, nataka kukugawia hapa. Mimi hutumia Gmail, iliyoanza mwaka 2004, na Kalenda ya Google iliyofuata mwaka 2006. Lakini mawaidha yenyewe yanafaa popote.

Kwanza, uwe na anwani ya heshima. Jina lako na pengine tarakimu mbili, basi. Ukituma maombi ya kazi kwa anwani ya "mtotomtamu", atakayeisoma atacheka kabla hajafika kwenye alama zako. Na neno la siri ni la siri. Usimpe hata rafiki wa chanda na pete. Ukiwa saiba, usiinuke kabla hujatoka kwenye akaunti, la sivyo atakayekuja baada yako atazisoma barua zako zote.

Pili, funga mifereji ya uchafu. Chini ya barua nyingi za matangazo pana mahali padogo pa kubonyeza ili ujiondoe kwenye orodha yao. Niliketi saa nzima nikijiondoa. Zile mia nne zikawa hazirudi tena. Hata hivyo kumbuka kuchungulia kwenye kasha la barua taka, maana barua njema huweza kutupwa humo kimakosa, na Gmail huzifuta zenyewe baada ya siku 30.

Tatu, fungua barua kwa wakati maalumu, kisha umalize kazi. Sisi wa bweni hatuna simu, kwa hivyo zoea kufungua siku ileile kila unapopata nafasi. Kwa kila barua chagua moja tu: futa, jibu, hifadhi, au weka kwenye kalenda. Kama jibu ni la dakika mbili, lijibu papo hapo. Ukisema "nitarudi baadaye", hutarudi.

Nne, usipoteze muda kuisaka barua ya zamani kwa macho. Juu kabisa pana kisanduku cha kutafutia. Andika jina la mtumaji au neno moja unalolikumbuka, nayo italetwa mara moja. Laiti ningelijua hili Agosti ile, ningeandika jina la lile shirika na kuokoa dakika zangu zote!

Tano, unapoandika, barua iwe na kichwa kinachosema jambo. "Habari" si kichwa. "Maombi ya msaada wa karo, Kidato cha Tatu" ni kichwa. Ambatisha faili kwanza, andika ujumbe, ukague, na anwani ya mpokeaji uijaze mwisho. Ukifanya hivyo huwezi kutuma barua nusu. Ukikosea, Gmail hukupa sekunde chache za kuirudisha. Unaweza kuipanga ikupe hadi 30.

Sita, na hapa ndipo penye kidonda changu, ni kalenda. Barua ikiwa na tarehe, iandike kwenye kalenda hapo hapo, kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Gmail ina njia ya kuunda tukio moja kwa moja kutoka kwenye barua, nalo hubeba kichwa cha barua hiyo. Weka vikumbusho viwili: kimoja wiki moja kabla, kingine siku moja kabla. Na tarehe ya mwisho ya kutuma kitu usiiandike jinsi ilivyo. Iandike siku tatu mapema, kwa sababu stima ina tabia ya kupotea siku ileile unayoihitaji.

Sasa, saa. Sisi huhesabu tangu jua linapochomoza, ilhali kompyuta huhesabu tangu usiku wa manane. Tofauti ni saa sita kamili. Kompyuta ikisema 9:00, toa sita: saa tatu asubuhi. Ikisema 14:00, toa sita: saa nane mchana. Ikisema 20:00, toa sita upate kumi na nne, kisha toa kumi na mbili: saa mbili usiku. Unaponakili, andika pia neno "asubuhi" au "mchana" au "usiku". Neno hilo moja lingemwokoa mbuzi wa mama.

Saba, nakili kwenye karatasi. Utasema, mbona turudi nyuma? Kikumbusho cha kompyuta kitalia ndani ya kompyuta, nawe uko darasani ukisoma hesabu. Kwa hivyo kila ninapoifungua kalenda, nanakili tarehe za mwezi huo nyuma ya daftari, na nyingine mama huzizungushia mduara kwenye kalenda ya ukutani. Kichwa kimoja husahau, viwili husaidiana.

Barua pepe si mtoto wa jana. Mwaka 1971 mhandisi Mmarekani, Ray Tomlinson, alituma ujumbe kati ya kompyuta mbili zilizokuwa kando kwa kando, naye ndiye aliyeichagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na la mashine yake. Tangu hapo chombo kimekua, lakini mwenye kukitumia ni binadamu yule yule mwenye haraka, na haraka haraka haina baraka.

Wenzangu wa Kidato cha Nne, haya si ya kompyuta tu. Baada ya mtihani wa KCSE, nafasi za vyuo huombwa mtandaoni kupitia KUCCPS, na mikopo huombwa mtandaoni kutoka HELB, bodi iliyoundwa mwaka 1995. Kila moja ina tarehe yake ya mwisho. Tarehe hiyo haitakungoja uikumbuke.

Nilisahau kukuambia mwisho wa kisa. Niliwaandikia wale watu wa shirika, nikakiri kosa langu bila kumsingizia mtu. Walinijibu kwa upole kwamba mwaka huo nafasi zimejaa, niombe tena. Nikaomba. Mara hii niliitwa kwa 10:00. Saa tatu asubuhi nilikuwa langoni. Bawabu alikuwa yule yule.

"Leo umewahi," akasema, akanifungulia.

Sasa shirika hulipa nusu ya karo yangu. Nusu nyingine inatoka kwenye maembe.