Kitabu kipya au tubaki na cha zamani?

Jana usiku hosteli nusura tugombane, na wala si kwa ajili ya mpira. Ni Dungeons & Dragons, ule mchezo wa kusimulia kisa na kurusha dadu. Tuko watano, tunatumia kitabu cha sheria cha 2014, nilichonunua kwa kudunduliza boom. Jamaa mmoja anataka tuhamie toleo la 2024, eti sasa hata upanga una mbinu zake. Nikanuna. Na hela yangu je?

Nikawakumbusha ya 2008: lilipotoka toleo la nne wengi walilikataa, na 2009 Paizo wakatoa Pathfinder, iliyojengwa juu ya sheria za zamani. Wachezaji wakagawanyika.

Mkimya wetu akasema, “Mimi hata hizi za zamani sijazielewa. Nakuja kwa ajili yenu tu.”

Nikaishiwa maneno. Mwalimu mtarajiwa mzima natetea kitabu, mwanafunzi nimemsahau!

Tumekubaliana tumalize kisa chetu kwanza, ndipo tujaribu sheria mpya, nikimwelekeza yeye polepole. Dadu ni zile zile. Kitabu changu hakiuzwi, msiniulize bei.