Mama Kaingia Kwenye Majaribio ya Dawa

Mama yetu yuko London kwa kaka. Saratani ya figo imeshafika kwenye mapafu, na dawa alizokuwa akitumia zimeacha kumsaidia. Daktari akamwambia yapo majaribio ya hatua ya kwanza: dawa mbili kwa pamoja, moja inajulikana, nyingine bado ngeni.

Neno "majaribio" lilitutia kiwewe. Bibi huku nyumbani akasema mwanawe si panya. Basi tukakaa, tukasoma, tukauliza.

Hatua ya kwanza haiulizi kwanza kama dawa inaponya. Inauliza mwili unahimili kiasi gani. Mara nyingi watu watatu hupewa dozi ndogo, wakaangaliwa kwa wiki kadhaa, na wakiwa salama watatu wengine hupewa iliyo kubwa zaidi. Dawa zikiwa mbili kazi huwa ngumu, maana mgonjwa akiharisha au ini likichafuka, hujui ipi imemdhuru.

Kwa nini basi wazichanganye? Mfano maarufu ni wa melanoma, saratani ya ngozi. Mwaka 2013 yalichapishwa Marekani matokeo ya ipilimumabu na nivolumabu, ambazo kila moja huachia breki yake katika kinga ya mwili. Wagonjwa 53 walipewa zote kwa wakati mmoja. Asilimia 40 hivi uvimbe wao ulinywea sana. Asilimia 53 walipata madhara makali. Namba zote mbili tulimsomea mama. Hiyo ya pili kaka alitaka tuifiche, tukakataa.

Mama aliuliza moja tu: nitawahi harusi ya mwanangu wa mwisho? Daktari, Allah amlipe, hakumpamba. Wiki za mwanzo ni vipimo vya damu mara kwa mara, safari haiwezekani. Wengi katika hatua hii hawapati nafuu. Na anaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu, na matibabu mengine ataendelea kupewa. Mama akatia saini. Ndoa ikafungwa kama ilivyopangwa, yeye akisikiliza kwenye simu; sherehe tumeiweka kando.

Mabibi harusi, hili hata somo wako hatakwambia: mwanamke wa umri wa kuzaa hupimwa mimba kabla ya kuingia kwenye majaribio kama haya, na hutakiwa kuzuia mimba muda wote wa dawa, na baadaye pia kwa miezi. Mzungumze na mume kabla ya saini, si baada.

Sasa ni wiki ya saba. Mama ana vipele mikononi na chakula hakimpiti vizuri. Ana kadi yenye namba ya kupiga akipata homa, hata usiku wa manane. Picha ya kwanza ya mapafu ni Alhamisi. Muombeeni.