Kindu hadi Kisangani: mvua, balenieri na mto unaokatika Ubundu

Anayetoka Kindu kwenda Kisangani kwa njia ya maji akifika Ubundu anaambiwa ashuke. Maji hayajaisha, lakini kuanzia hapo Lualaba inaingia katika maporomoko saba ya Boyoma, na mpaka Kisangani inakuwa imeteremka kama mita 60. Hakuna balenieri inayopita.

Kwingine watu walijenga milango ya maji. Chombo kinaingia katika chumba cha saruji, mlango wa nyuma unafungwa, maji yanapunguzwa polepole, kisha mlango wa mbele unafunguliwa na chombo kinatokea chini, abiria hata hawajainuka. Panama wanapandisha meli za baharini mita 26 namna hiyo, tangu 1914. Hapa Kongo wakoloni walichagua reli: kilomita 125 kutoka Ubundu, wakati ule Ponthierville, hadi Kisangani. Ilifunguliwa 1906. Tatizo ni kwamba treni haiji kila siku, na msafiri anangoja.

Kungoja kiangazi ni jambo moja, kungoja masika ni lingine. Safari ya Kindu–Ubundu ni kilomita karibu 300, na mvua ikinyesha mto unabeba magogo na ukingo hauonekani. Kijana anasimama mbele na upondo, anapima kina. Shitingi inafunika mizigo kwanza, watu baadaye: mchele ukilowa ni hasara ya mfanyabiashara, mtoto akilowa ni shauri la mama yake. Kapiteni mwenye akili anafunga chombo kwenye miti mpaka mvua ipungue, hata abiria wakinung'unika. Karibu na Ubundu anashikamana na ukingo kabisa, kwa sababu poromoko la kwanza liko chini kidogo tu ya bandari. Motari ikizimika pale, mkondo haumngoji fundi.

Kwa familia zinazokimbia vita, Ubundu ndipo pesa inapoishia. Gunia lililolipiwa Kindu linalipiwa tena kushushwa, tena kulindwa usiku chini ya baraza la mtu. Mwenye pesa anapanda pikipiki na kupita msituni kwenye matope. Mwenye watoto watano hawezi. Wapo wanaouza sufuria ili walipe pikipiki, wakafika Kisangani hawana cha kupikia.

Waliokwisha kupita wanashauri hivi: uwe na kipande chako cha shitingi, kadi ya mpiga kura uifunge ndani ya plastiki na kuivaa mwilini, na jile la kuokoa maisha liulizwe kabla ya kulipa, maana pesa ikishaingia mfukoni hakuna anayekusikia.

Kwenye poromoko la mwisho, Kisangani, Wagenia bado wanatega samaki kwa vikapu vyao vikubwa. Chini yake tu boti zinaanza tena, zaidi ya kilomita 1,700 hadi Kinshasa, bila poromoko hata moja.