Kijia cha Majani Chai

Je, umewahi kwenda kazini kwa baiskeli? Mwaka jana lori lilinisukuma mtaroni nje ya mji wa Kericho, na mke wangu akaapa kuiuza baiskeli yangu. Mama mmoja mchumaji chai ndiye aliyenionyesha kijia kipitacho katikati ya mashamba. Wakati huo kilitosha mguu mmoja tu. Leo wauza maziwa, walimu na wanafunzi wamekipanua kwa magurudumu yao.

Milima hunitoa jasho, maana hapa ni kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua ya alasiri hunitia adabu. Lakini nauli hubaki mfukoni, na jioni binti yangu hungoja kengele langoni. Na mke wangu? Juzi aliniuliza bei ya baiskeli ya kike.