Zizi Lisilo na Mlango wa Kutokea

Mji wa Tunduma ni mji wa mpakani. Ng'ambo ni Nakonde, nchi ya Zambia, na kati ya miji hiyo miwili malori hupita usiku na mchana, nayo reli ya TAZARA hupita papo hapo. Hapa hukutana wenye kahawa kutoka Mbozi, wenye mpunga kutoka Kamsamba, na wafanya biashara wa Dar es Salaam, Lusaka na Kongo. Basi, mahali panapopita bidhaa hupita na mafundisho pia. Siku ya Jumapili mtu akitembea kutoka sokoni mpaka mpakani husikia vipaza sauti vingi, kila kimoja kikilitaja jina la Yesu. Hatusemi hayo kwa kulalamika. Twamshukuru Mungu kwa kuwa Neno lake lahubiriwa. Lakini wabadili fedha wa mpakani wana desturi iliyo njema. Wakipewa noti, ikiwa ya shilingi au ya kwacha, huipapasa kwa vidole, kisha huiinua ipate mwanga, ndipo waipokee. Wala mwenye noti ya haki hakasiriki akiona noti yake ikitazamwa hivyo. Yohana naye, katika Waraka wake wa kwanza, sura ya 4, awaagiza Wakristo kuzijaribu roho. Kujaribu si kukosa imani. Ni sehemu ya imani.

Kwanza yatupasa kusema yasiyo dalili, maana wengi hupotea hapa. Upya wa kundi si dalili ya udanganyifu. Wamoravian walipofika Rungwe mwaka 1891, na Mbozi mwaka 1899, walikuwa wageni wenye mafundisho mapya. Uchache wa watu si dalili, wala jengo la miti na mabati, wala kuimba kwa sauti kuu, wala kufunga, wala kukesha katika maombi. Tena hata kutabiri na kuwaombea wagonjwa si dalili peke yake, maana hayo yote yamo katika Agano Jipya. Mtu akimhukumu jirani yake kwa mambo hayo atawaumiza wasio na hatia, na mbwa-mwitu atapita kando yake asionekane.

Basi dalili ni ipi? Katika Injili ya Yohana, sura ya 10, Bwana wetu ajifananisha na mlango wa zizi, naye aonyesha kwamba kondoo wake huingia na kutoka na kupata malisho. Na tulifikiri neno hili polepole. Zizi la kweli lina mlango utumikao pande zote mbili. Zizi la mwivi lina mlango mpana wa kuingilia, lakini wa kutokea hufungwa. Tena haufungwi siku moja. Hufungwa kidogo kidogo, hata aliye ndani asijue kwamba umefungwa. Tutazame habari tatu zilizotokea katika nchi jirani zetu.

Habari ya kwanza si ya mbali. Ukivuka Nakonde na kuifuata barabara kuu, ukapita Isoka, utafika nchi ya Chinsali. Zamani zile nchi yote iliitwa Rhodesia ya Kaskazini. Huko mwaka 1953 mwanamke mmoja, jina lake Alice Lenshina, wa upande wa misheni ya Lubwa, alisema kwamba amekufa, akakutana na Yesu, akarudishwa duniani. Akahubiri watu waache uchawi na hirizi, waache pombe na desturi ya kuoa wake wengi. Watu wakaja kwa maelfu, wakazitupa hirizi zao mbele yake. Kanisa lake likaitwa Lumpa, na hekalu lake kubwa likamalizika mwaka 1958 katika kijiji alichokiita Sioni. Lakini miaka ilivyopita wafuasi wake walizidi kujitenga na jirani zao, wakakataa mambo ya siasa, wakajenga vijiji vyao peke yao. Vijana wa chama cha UNIP nao walikuwa wakiwaonea na kuchoma nyumba zao, kwa hiyo hatia haikuwa ya upande mmoja. Hata mwaka 1964 mapigano yakazuka kati yao na askari wa serikali. Tarehe 3 Agosti kanisa hilo likapigwa marufuku. Watu zaidi ya 700 wakafa, na wengi wengine wakakimbilia Kongo. Lenshina alijitoa kwa serikali mwezi uo huo, akafa mwaka 1978. Twajifunza nini? Kwamba mwanzo mwema hautoshi. Watu waliojitenga hawasikii tena shauri la jirani, na jirani hawasikii kilio chao. Siku ya ugomvi hakuna mzee wa kuingia kati.

Habari ya pili ni ya Kanungu, kusini-magharibi ya Uganda. Lilikuwako kundi lililojiita la kuzirudisha Amri Kumi za Mungu, nalo liliongozwa na Joseph Kibwetere, Credonia Mwerinde, na Dominic Kataribabo aliyekuwa padre. Nani asiyependa amri za Mungu zishikwe? Kundi lenyewe lilikuwa limeandikishwa serikalini, lakini cheti cha serikali hakionyeshi yaliyo moyoni mwa mtu. Wafuasi waliuza mashamba na mali zao, wakaleta fedha kwa viongozi. Mume alitengwa na mkewe, na mazungumzo yakakatazwa, watu wakawa wakisemezana kwa ishara za mikono. Waliambiwa kwamba mwisho wa dunia utakuja mwaka 1999 utakapokwisha. Mwaka ukaisha, jua likachomoza kama desturi yake, na wengine wakaanza kudai mali zao. Tarehe 17 Machi 2000 watu walikusanyika katika nyumba yao ya ibada. Milango na madirisha ikapigiliwa misumari, moto ukawaka. Mamia waliteketea, watoto pamoja na wazee. Baadaye miili mingine mingi ilifukuliwa katika nyumba zilizotumiwa na viongozi. Katika habari hii mlango ulifungwa kwa misumari, lakini ulikuwa umekwisha kufungwa tangu siku ile mtu alipokatazwa kusema.

Habari ya tatu ni ya karibuni. Katika msitu wa Shakahola, wilaya ya Malindi, pwani ya Kenya, polisi walianza kufukua makaburi mwezi wa Aprili 2023, na miili iliyopatikana ilizidi 400. Miongoni mwao walikuwamo watoto wengi. Waliokufa walikuwa wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie. Walionusurika walisimulia kwamba waliambiwa wafunge kula hata wafe, ili wapate kumwona Yesu. Mackenzie na wenzake walishtakiwa mahakamani mwaka 2024, nao wakakana mashtaka. Hukumu ni kazi ya mahakama, si yetu. Lakini yaliyotangulia msitu ule yajulikana: kabla ya kukatazwa chakula, watu walikuwa wamefundishwa kwamba shule ni mbaya, na kwamba hospitali ni mbaya. Kisha wakauza vitu vyao, wakahamia porini, mbali na ndugu zao. Tuone jinsi hatua zinavyofuatana. Hakuna mtu ambaye angekubali siku ya kwanza kumnyima mtoto wake chakula. Alianza kwa kumnyima kitabu.

Basi, kutokana na habari hizi twaweza kuzitaja dalili ambazo kila Mkristo kijijini aweza kuziona, hata kama hakusoma sana.

Dalili ya kwanza ni hii: swali limekuwa dhambi. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 17, twasoma habari za watu wa Beroya, ambao walimsikia Paulo mwenyewe, lakini wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama aliyoyasema ni kweli. Wala Paulo hakuwakasirikia, bali wamesifiwa. Ikiwa Mtume alikubali kuchunguzwa, ni nani leo asiyestahili kuchunguzwa? Kiongozi asemaye kwamba kumwuliza yeye ni kumwuliza Mungu, huyo amejiweka mahali pasipo pake.

Dalili ya pili: ndugu wamegeuzwa adui. Kweli, Bwana wetu alisema kwamba yampasa mtu kumpenda yeye kuliko baba na mama. Lakini aliwakemea waalimu wa dini waliotumia sadaka kama sababu ya kuwanyima wazazi haki yao. Habari hiyo imo katika Marko, sura ya 7. Mtu akikatazwa kumsalimu mama yake, au kumzika baba yake, au kula nyumbani kwa dada yake, ajue kwamba ukuta unajengwa.

Dalili ya tatu: dawa na shule zimeitwa kutoamini. Dalili ya nne: fedha haina hesabu. Kuna tofauti kati ya sadaka isomwayo mbele ya watu mwisho wa mwezi, na fedha iingiayo mfukoni mwa mtu mmoja isirudi kutajwa. Tena haifai mtu aambiwe auze shamba, maana asiye na shamba hana pa kurudi. Dalili ya tano: hofu yenye tarehe. Aliyepewa siku ya mwisho wa dunia hana nafasi ya kufikiri wala ya kuuliza shauri, na hiyo ndiyo faida aipatayo mdanganyifu. Bwana wetu amesema waziwazi kwamba siku ile hakuna aijuaye ila Baba.

Hapa kwetu tulipata kuliona jambo hili kwa kipimo kidogo. Binti mmoja wa darasa letu ana kifafa, naye alikuwa akipewa dawa na kuendelea vema. Mama yake akajiunga na kundi lililokutana nyumbani kwa mtu. Baada ya majuma machache dawa zikatupwa chooni, maana mama aliambiwa kwamba kila kidonge ni kukiri kuwa Mungu hawezi. Binti akaanguka karibu na mafiga, akaungua mkono. Tulipokwenda kuwajulia hali, mama alituuliza, "Mwalimu, ninyi ndio mliotufundisha kwamba Yesu huponya. Je, sasa hamwamini tena?"

Swali lile lilikuwa zito, tena la haki. Tulimjibu, "Mama, twaamini. Lakini Luka alikuwa tabibu, naye Paulo alimwita mpendwa, hakumfukuza. Hatubishani nawe juu ya uwezo wa Mungu. Twauliza neno moja tu: aliyekuambia uzitupe dawa, je, alikuja kumwuguza mtoto siku alipoungua?" Mama hakujibu. Hakubadilika siku ile, nasi tukaenda zetu.

Lakini bibi yake mtoto, ambaye hajui kusoma, alifanya kazi kubwa kupita maneno yetu. Kila jioni alikwenda kwa binti yake na kikapu cha viazi au ndizi, akaketi jikoni, akazungumza habari za shamba na mvua, asitoe neno la lawama. Watu wa kundi wakamwambia mama asimpokee. Mama hakuweza, maana ni mama yake aliyemzaa. Mwezi wa pili mama mwenyewe alimwomba bibi amsindikize zahanati. Leo binti yupo darasani, na kovu mkononi. Mama yake hajaacha kuomba. Kila asubuhi huomba pamoja na mtoto, na baada ya amina humpa kidonge.

Kwa habari ya bibi huyu twataka kuwaambia ndugu zetu neno la mwisho. Mtu akiingia katika kundi la hila, watu wa nyumbani huona haya, humcheka, humwita mjinga, na wengine humfukuza. Wakifanya hivyo wanamsaidia mdanganyifu, maana yeye amekwisha kumwambia mfuasi wake kwamba ndugu watamchukia, na sasa mfuasi aona kwamba unabii umetimia. Yule bibi aliuvunja unabii huo kwa kikapu cha viazi. Mlango ambao kundi lilitaka kuufunga kwa ndani, yeye aliushika wazi kwa nje.

Tena na tuzitazame nyumba zetu wenyewe, sisi tulio katika makanisa ya zamani. Je, hesabu ya sadaka husomwa? Je, kijana akiuliza swali gumu hujibiwa kwa upole, au huambiwa anyamaze? Je, mjane akiugua, wazee hufika kwake, au humngoja mpaka azikwe? Watu hawaendi kutafuta zizi jingine bila sababu. Wengi huenda kwa kuwa huko mtu amewauliza habari za maumivu yao. Tukiwaonya watu wasiingie mahali pabaya, lakini kwetu hapana malisho, tumewaonya bure.

Basi, wazazi, wazee wa kanisa, na ninyi vijana mnaofanya kazi mpakani, mkialikwa katika ushirika mpya, msiogope wala msikimbilie. Ulizeni kwa adabu. Fedha husomwa wapi? Mgonjwa huruhusiwa kwenda hospitali? Nikitaka kuondoka kesho, mtanisalimu njiani? Mwenye zizi la kweli atayajibu maswali hayo bila hasira. Na akikasirika, mmekwisha kupata jibu.