Kuhama na Kubisha Hodi

Kuhama nyumba ni kazi mbili katika jina moja. Ya kwanza ni kuchukua vyombo. Ya pili ni kuwajulisha watu makao mapya. Mtu akiitenda ya kwanza akaisahau ya pili, wageni wake watabisha hodi mlangoni pasipo mwenyeji. Jambo hili, lijulikanalo na kila mpangaji, limo hata ndani ya kompyuta.

Mtafiti mmoja wa lugha alikuwa na kompyuta iendeshwayo kwa Linux, mfumo ambao kiini chake kilitangazwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Diski yake ilihifadhi kazi ya miaka mingi: sauti za wazee alizozinasa vijijini, na baadhi ya wazee hao walikuwa wamekwisha kufariki. Diski ile ikaanza kuguna na kukwama kama mzee apandaye mlima. Akanunua nyingine.

Kwanza aliziweka sauti zile mahali pa pili, kwa maana mfumo hupatikana tena lakini marehemu hasemi mara mbili. Kisha akaiwasha kompyuta kwa flashi, ili mfumo unaohamishwa uwe umelala. Ni taabu kuhesabu kuku watembeao. Akaitayarisha diski mpya, akanakili kila faili kwa programu ya rsync, pamoja na ruhusa zake na jina la mwenye nayo. Akaichomoa diski ya zamani, akawasha. Kioo kikabaki cheusi.

Hapana faili iliyopotea. Kosa lilikuwa katika anwani. Linux haiitegemei nafasi ya diski, kwa kuwa nafasi hubadilika; mara nyingi huitambua kila sehemu ya diski kwa UUID, kitambulisho cha biti 128 kiandikwacho kwa alama 32. Diski mpya ilipotayarishwa ilipata kitambulisho chake yenyewe, lakini faili iitwayo fstab, ambayo ndiyo daftari la anwani, ilikuwa bado ikikitaja cha zamani. Tena GRUB, programu ya kuuamsha mfumo, haikuwa imewekwa katika diski mpya. Vyombo vilifika, habari haikufika.

Aliirudia flashi, akasahihisha fstab, akaingia katika mfumo mpya kwa amri ya chroot, akaiweka GRUB na kuiandikia upya maelezo yake. Mfumo ukaamka.

Wako wanakilio diski nzima, biti kwa biti, na vitambulisho vikaenda pamoja na vyombo. Njia hiyo ni nyepesi, lakini diski mbili zenye jina moja zisiachwe katika kompyuta moja, maana anayeitwa hajulikani ni yupi.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mtafiti hakuifuta diski ya zamani siku ile. Aliiweka kabatini, akaketi kuzisikiliza sauti moja baada ya moja, kwa sababu faili yaweza kuwa na jina kamili na ndani yake mna ukimya. Siku ya nne alimaliza. Kila mzee aliyebishiwa hodi aliitika, na ndipo kuhama kulipotimia.