Shingo ya Jiko

Fundi anayeandika makala haya ameacha kazi. Mabega yamekataa kukanda udongo, na mwaka huu bibi aliyemfundisha kufinyanga amezikwa kijijini kwake Nkansi. Mafundi wa mtaa wa Majengo mjini Sumbawanga walipokaa msibani, maneno yalirudi palepale yalipokuwa miaka yote: shingo ya jiko la kuota moto iwe nyembamba au pana? Vijana wengi waliotetea shingo pana hawakuwahi kumwona bibi akifanya kazi. Ndipo fundi akaamua kuandika, akijitaja kwa jina la kazi tu, kama anavyoitwa mtaani.

Utoto wake hauhitaji kurasa nyingi. Alizaliwa chini ya milima ya Mbizi, enzi ambazo wilaya ya Sumbawanga ilikuwa ingali ndani ya mkoa wa Mbeya. Alichunga ng'ombe, akasaidia kufukia nyasi kwenye matuta ya ntumba, akasoma mpaka darasa la saba. Mkoa wa Rukwa ulipoundwa katikati ya miaka ya 1970, mji ulihitaji ofisi na nyumba za watumishi, na baba yake akahamia Majengo kuchoma matofali. Mtoto akaingia tanurini pamoja na baba. Huko alijifunza kwamba tofali bichi likipelekwa motoni kwa pupa hupasuka, na kwamba moto una rangi zake ambazo mchomaji hana budi kuzisoma.

Asiyewahi kulala Sumbawanga mwezi wa Julai huenda asielewe kwa nini mtu aishi kwa kutengeneza majiko ya kuota moto. Mji uko takribani mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, juu ya uwanda wa Ufipa ulio kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Kiangazi upepo wa kusini mashariki huvuma bila kizuizi, maana uwanda wenyewe ni nyasi na mashamba kuliko msitu. Jua likizama watu hufunga makoti na kutafuta moto. Mahari hujadiliwa motoni, mashauri ya shamba hukatwa motoni, wageni hukaribishwa motoni. Yote hayo hufanyika uani.

Lakini wapo ambao baridi ikizidi hubeba jiko la mkaa na kuliingiza chumbani, wakafunga mlango na dirisha. Hapa fundi hana upole. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika nafasi ya oksijeni katika damu. Aliyelala hashtuki, anazidi kulala. Misimu ya baridi hapa nchini haikosi habari za watu waliokutwa wamekufa na jiko pembeni yao, na bado kuna vijana wanaouza majiko bila kutamka neno hata moja. Muuzaji wa namna hiyo anatia mauti mikononi mwa mteja na kupokea fedha. Liwe la chuma au la udongo, lenye bomba au lisilo nalo, jiko la kuota moto linakaa nje.

Jiko lililomtoa fundi kwenye matofali lilimfikia kwa picha. Miaka ya 1990 mgeni mmoja aliyekuwa akifanya kazi za kilimo mkoani alimwonyesha picha ya chiminea, jiko la udongo la Meksiko: tumbo la mviringo, mdomo mbele, shingo ndefu inayopeleka moshi juu ya vichwa vya waliokaa. Huko Meksiko lilikuwa la kutia joto na kupikia. Siku hizi limesambaa kwenye bustani za Ulaya na Marekani. Mgeni alitaka la namna hiyo kwenye ua wake. Fundi alijua kuchoma, kufinyanga hakujua. Akapanda lori kwenda Nkansi kwa bibi ambaye vyungu vyake vilisifiwa hata Majengo.

Bibi aliitazama picha kwa muda, kisha akasema, “Mjukuu wangu, hili ni ilungu lililokatwa.”

Kwa msomaji asiye wa Ufipa: ilungu ni tanuri ambalo Wafipa walitumia kuyeyusha mawe ya chuma, na wingi wake ni malungu. Lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, urefu wa mita tatu hivi, pana chini na kusinyaa kadiri linavyopanda. Chini kulikuwa na matundu yenye mirija ya udongo. Halikuvuviwa kwa mivukuto. Moto ukishakolea, hewa ya ndani huwa nyepesi ikapaa, na hewa baridi ya nje huvutwa kupitia matundu ili kujaza nafasi yake. Jengo lenyewe hujitafutia upepo. Mivukuto ilingoja hatua ya pili, kwenye tanuri dogo la kusafishia chuma. Majembe ya viwandani yaliiua kazi hiyo, na kufikia miaka ya 1930 ilikuwa imekoma karibu kila mahali. R. Wise aliieleza katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1958, na baadaye Profesa Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akaja kuchimba na kuchunguza mabaki. Malungu mengine bado yamesimama katikati ya mashamba ya mahindi, na wenye mashamba hulima kuyazunguka.

Ilungu lilipambwa na kuheshimiwa kama bibi harusi, na wakati wa kuyeyusha wanawake walikatazwa kulikaribia. Bibi asingeweza kusogea enzi za babu yake, ambaye alikuwa mmoja wa wayeyushaji. Yeye aliyakuta yakiwa baridi. Akiwa msichana wa kuchunga mbuzi alijikinga na mvua ndani yake, akapima kwa mikono yake upana wa chini na upana wa juu, na vipimo hivyo akabaki navyo. Kwa hiyo elimu ya moto iliyokuwa ya wanaume ilimpitia mwanamke, na mwanamke akampa mchoma matofali kutoka Majengo. Fundi hajawahi kuona ubaya wowote katika njia hiyo.

Alimfundisha hivi. Udongo wa bondeni unaanikwa, unapondwa, unachekechwa, kisha unachanganywa na vigae vya vyungu vilivyovunjika, vimetwangwa hadi kuwa chenga. Vigae vimeshaonja moto, havisinyai tena, navyo huzuia udongo mbichi usijipasue unapokauka. Bibi alikuwa akiviringisha kipande kirefu cha udongo na kukizungusha kidoleni. Kikionyesha nyufa, mchanganyiko unarudi kukandwa. Tumbo lilijengwa kwa vipande hivyo, kimoja juu ya kingine, likasuguliwa kwa gunzi la mahindi nje na kwa jiwe laini ndani. Baada ya hapo aliliacha mpaka ukuta ulipokataa alama ya kidole gumba. Mdomo ulikatwa siku nyingine, kwa ukingo wa mwanzi. Shingo ilikuja mwisho, na hapo bibi hakuruhusu mazungumzo. Alikunja ngumi, akaizungushia kitambaa cha kanga, akaiingiza shingoni. Ipite bila kusugua, lakini nafasi isibaki. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake kwa jiko lenye mdomo wa shubiri moja.

Mtaani Majengo kulikuwa na fundi mwingine aliyeamini kwamba moshi unataka njia kubwa. Shingo zake zingeingiza kichwa cha mtoto. Alizijenga kwa saruji juu ya wavu wa chuma, maana saruji haihitaji tanuri, na jiko la wiki nzima alilimaliza kwa siku mbili. Nyumba moja ya wageni iliyanunua majiko hayo kwa ajili ya bustani yake. Wateja walikaa mbele ya mdomo na moshi ukawatokea usoni mpaka wakahamia ndani. Fundi yule alisema kuni ndizo mbovu. Mwandishi wa makala haya alinyamaza wakati huo, kwa sababu mwenzake alikuwa na watoto wa kusomesha. Watoto wamekwisha kuwa watu wazima, na sasa anasema: kosa lilikuwa la shingo.

Sababu zinaelezeka. Shingo ikiwa pana, moshi hupoa upesi, hupanda polepole, na upande mmoja wa shingo hewa baridi huanza kushuka. Hewa hiyo inayoshuka ndiyo inayousukuma moshi utoke mdomoni. Shingo iliyobana kiasi huufanya moshi uende kasi na ubaki na joto lake, na joto ndilo linalovuta. Ulaya jambo hilo lilipiganiwa zamani: miaka ya 1790 mwanasayansi Benjamin Thompson, ajulikanaye zaidi kama Count Rumford, alipata sifa London kwa kubana makoo ya dohani za nyumba zilizokuwa zikifuka moshi. Wajenzi wa huko bado hutumia kanuni kwamba eneo la bomba liwe kama sehemu moja ya kumi ya eneo la mdomo, na bomba likiwa fupi huongezwa kidogo. Jiko la uani lina bomba fupi sana, na ngumi ya bibi yenye kitambaa ilikuwa imeongeza. Saruji nayo ina shauri lake. Inaposhika hufunga maji ndani yake, na moto mkali ukiyafukuza maji hayo, saruji hulegea na kumeguka. Majiko ya ile bustani yaliishia kuwa vyungu vya maua.

Tangu lami ilipofika kutoka Tunduma, magari huleta majiko ya chuma pia, na mteja huuliza lipi achukue. La chuma halipasuki, hupata joto upesi, na halihitaji kubembelezwa. Lakini huunguza mtoto anayeligusa, hupoa moto unapozimika, na likiachwa mvuani hushikwa na kutu. La udongo huchelewa kupata joto na huchelewa kulipoteza. Mwenye ua wenye watoto wadogo na wazee wanaokaa hadi usiku, fundi humwambia achukue la udongo, na haoni haya kwamba ndilo alilokuwa akiuza.

Anayenunua aligonge kwa kifundo cha kidole: lililoiva hulia kwa mlio mkavu, lenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Amulike ndani ya shingo kwa tochi aone kama viungo vimesuguliwa. Akifika nyumbani aliweke juu ya mafiga imara, mbali na ukuta na paa, hasa paa la nyasi, na asilitie chini ya kibanda. Ndani ajaze mchanga au kokoto mpaka karibu na ukingo wa mdomo, ili moto usilale juu ya kitako kitupu. Moto wa kwanza uwe wa vijiti vichache, uzimike wenyewe. Wa pili uongezwe kidogo. Hivyo hivyo kwa jioni kadhaa, mpaka unyevu uliojificha ukutani utoke bila kupasua. Uwanda hauna kuni za kuchezea. Magunzi makavu ya mahindi yanafaa kuwashia, na mikaratusi iliyopasuliwa na kuanikwa msimu mzima hushika vizuri. Mbao zenye rangi na plastiki zisiingie kabisa. Maji yasimwagwe kamwe kwenye jiko la moto. Masika yakianza mwezi wa Novemba, lifunikwe au liingizwe stoo, kwa sababu udongo uliolowa ukiwashwa moto mkubwa huvunjika.

Kuhusu uchomaji fundi bado ana ugomvi na vijana. Wanataka kulijaza tanuri kuni zote mara moja. Bibi alichoma usiku ili aione rangi, na ukuta ulipoanza kuwa mwekundu wa giza alipunguza kuchochea, akasubiri, ndipo akaendelea. Hakusoma popote kwamba chembe za kwazi (quartz) zilizomo katika udongo hutanuka ghafla kwenye nyuzi joto 573 za Selsiasi, karibu kabisa na joto ambalo wekundu ule huanza kuonekana gizani. Alijua tu kwamba hapo ndipo vyombo hufa. Kijana anayeharakisha mahali hapo anapoteza udongo, kuni na kazi ya wiki, kisha anapandisha bei ya machache yaliyosalimika.

Karakana ya Majengo sasa iko kwa binti aliyeanza kwa kutwanga vigae. Anatengeneza jiko la vipande viwili, tumbo mbali na shingo mbali, ili bajaji iweze kulibeba, na ameshapeleka mengine Mpanda. Fundi alipinga: hewa itapenya kwenye kiungo na mvuto utapotea. Binti akatengeneza shingo yenye pindo linalovaa juu ya tumbo kwa vidole viwili, akaliziba kwa udongo laini. Linavuta. Fundi anataka pindo liwe vidole vinne, kwa kuwa udongo wa kuzibia utadondoka baada ya misimu miwili. Binti anasema vidole vinne vinaongeza uzito na kuvunjika njiani. Ngumi yenye kitambaa anaitumia bila kubishana, ila ya kwake ni ndogo kuliko ya bibi, kwa hiyo huzungusha kitambaa mara mbili.